Namba ya ombi si kibali cha kazi

Mimi ni wakala wa maombi ya vibali vya kazi Uganda, na nimeonyeshwa tena ile picha kwenye simu: ukurasa unaosema ombi limepokelewa, na chini yake namba ndefu. "Kaka, mambo yangu yako sawa. Nimeshaomba kwenye mtandao, Jumatatu naanza kazi." Hayako sawa. Ombi limepokelewa, basi. Hata ombi litakalokataliwa kesho lilipokelewa kwanza.

Uhamiaji wa Uganda ulianza kupokea maombi ya viza na vibali kwa mtandao mwaka 2016. Kilichohama ni foleni ya dirishani. Uamuzi umebaki mikononi mwa watu. Nyuma ya tovuti yuko ofisa anayesoma mkataba, barua ya mwajiri, vyeti vya masomo, usajili wa kampuni, hati ya kodi ya URA, yaani mamlaka ya mapato ya Uganda, na cheti cha tabia njema cha Interpol. Paspoti iliyopigwa picha kitandani, na kidole gumba kikiwa juu ya tarehe ya kwisha, hairekebishwi na kompyuta yoyote. Skani vizuri, andika jina kama lilivyo kwenye paspoti, tuendelee.

Sasa hili la ndugu zangu kutoka Kenya, ambalo ndilo linanichosha. Unafika mpakani Busia au Malaba, unagongewa muhuri wa miezi 6, unaambiwa Afrika Mashariki ni moja. Kisha unasikia Wakenya hawalipi ada ya kibali. Ukichanganya hayo mawili unapata imani kwamba Mkenya hahitaji kibali. Ada imeondolewa, ni kweli, na Wanyarwanda nao hawalipi. Lakini kibali chenyewe hakijaondolewa. Unakiomba kama Mhindi au Mchina anavyokiomba, tofauti ni kwamba hutozwi. Ule muhuri wa miezi 6 ni wa mgeni: tembea, salimia shangazi, tafuta soko. Ukikutwa darasani na chaki mkononi, hautakutetea, na namba ya ombi nayo haitakutetea.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, haikufuta vibali. Inataka mwenye mkataba unaozidi siku 90 aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi baada ya kuusaini, na inaipa mamlaka siku 30 kukitoa. Wateja wangu huishika kwa kichwa hiyo ya 30 na kuisahau ile ya 15.

Je, siku 30 zinatimia? Si kila mara. Hapo mwajiri hunipigia: mwalimu wa fizikia yupo, wanafunzi wapo, aanze tu kimyakimya? Jibu langu ni moja: omba pasi maalumu, ndiyo inayomruhusu mtu kufanya kazi kwa muda mfupi. Nayo pia ni ombi, nayo pia husubiriwa, kwa hiyo najua jibu langu halimridhishi mkuu wa shule mwenye mitihani mlangoni. Sina jingine. Na kuna wakati najiuliza kama sisi mawakala tunataka kweli watu wauelewe mtandao huu. Uliwekwa ili mtu ajiombee mwenyewe, nami bado nalipwa kumjazia fomu.

Siku hali ya ombi ikibadilika kuwa limekubaliwa, usifanye sherehe bado. Anayepaswa kulipa ada achukue namba ya malipo na alipe kwa namba hiyo hiyo. Si kwa simu ya mtu aliyekutana naye nje ya geti. Kisha peleka paspoti na mwili wako, upigwe picha, utoe alama za vidole, ubandikiwe kibali. Soma jina la mwajiri lililoandikwa humo. Kibali cha daraja G, yaani cha mtu aliyeajiriwa, kinamfuata mwajiri huyo. Shule ya jirani ikikupa mshahara mzuri zaidi, unaomba upya.