Je, wajua kwa nini ndege wa mgongoni mwa kifaru huitwa askari?

Jibu nililokuwa nalo kwa miaka mingi lilitoka ubaoni. Mwalimu wa sayansi alichora kifaru, juu yake akachora ndege mdogo, kisha mishale miwili. Mshale mmoja ulisema ndege anapata kupe wa kula, wa pili ukasema kifaru anapata kusafishwa. Kila mmoja kafaidika, mada imekwisha, fungueni ukurasa unaofuata. Nililibeba jibu hilo hadi utu uzima, na siku moja kule Kiruhura, magharibi mwa Uganda, nikalitoa kwa kujiamini mbele ya mzee mwenye ng'ombe wa Ankole, tukiwatazama ndege hao hao wakipanda na kushuka shingoni mwa fahali wake. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Kama hawa wanamaliza kupe, mwanangu, mbona mimi kila wiki nanunua dawa?"

Sikuwa na la kumjibu. Kilichoniudhi zaidi baadaye ni kwamba Kiswahili kilikuwa kimeshalisema jambo lenyewe. Ndege huyo anaitwa shashi, lakini jina lake lingine ni askari wa kifaru. Si kinyozi wa kifaru, si dobi wa kifaru. Askari. Nilikuwa nimelitamka jina hilo mara nyingi bila kulisikia.

Tutenganishe kwanza ndege wawili ambao watu huwachanganya. Yule mweupe mwenye miguu mirefu anayetembea kando ya ng'ombe ni yangeyange, ambaye Waganda humwita nnyange. Huyo hafanyi kazi yoyote mwilini mwa mnyama: anafuata panzi wanaoruka majani yanapokanyagwa, basi. Shashi ni wa rangi ya kahawia, ukubwa wake kama kwezi, na chini hashuki ila kwa nadra. Kucha zake ni kulabu, mkia wake ni mgumu na huuegemea kama kigogota afanyavyo mtini, na mdomo wake bapa huupitisha kwenye manyoya ya mnyama kama mkasi. Wako wa aina mbili, wenye mdomo mwekundu na wenye mdomo wa manjano, na Uganda wote wapo.

Sasa huo usafi. Mwaka 2000 mtafiti aitwaye Paul Weeks alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya Zimbabwe kwa maksai. Baadhi yao waliachwa na ndege wao kama kawaida, wengine ndege walifukuzwa wasiwafikie. Kama mchoro wa mwalimu wangu ungekuwa sahihi, wale waliofukuziwa ndege wangejaa kupe. Haikuwa hivyo, idadi ya kupe wazima haikutofautiana kwa kiasi cha maana. Kilichotofautiana ni vidonda: maksai wenye ndege walichelewa kupona. Na nta ya masikioni ilikuwa pungufu, kwa sababu shashi hula nta pia, jambo ambalo halikuwamo kwenye mshale wowote.

Sababu ni kwamba shashi anachokitafuta hasa ni damu. Kupe anayempenda zaidi ni jike aliyeshiba, yule wa kijivu aliyevimba kama punje ya haragwe. Lakini kupe wa namna hiyo damu ameshainyonya. Kumng'oa wakati huo ni kama kumkamata mwizi aliyekwisha kuuza mali. Na pale kupe wanapokosekana, kidonda kilicho wazi ni njia ya mkato kuelekea chakula hicho hicho. Huko kusini mwa Afrika vifaru weusi wengi huwa na vidonda ubavuni vinavyosababishwa na minyoo midogo ya ngozi, na shashi huvidonoa vikakaa vibichi. Kifaru, mnyama anayejulikana kwa hasira, anasimama tu na kuvumilia.

Nisimwonee ndege. Maksai si kifaru, na jike wa kupe akiliwa leo hatataga mayai kesho. Tena katika hifadhi ya Matobo, huko huko Zimbabwe, swala pala waliotembelewa na shashi walionekana kutumia muda mfupi zaidi kujisafisha wenyewe. Kwa hiyo kuna mnyama anayepunguziwa kazi. Lakini mzee wa Kiruhura anahofia ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, na kwa ndigana kali kupe mmoja mwenye vimelea anatosha kumwangusha ndama. Hawezi kumngojea ndege achague.

Hapo ndipo jina linapoanza kudai haki yake. Kama shashi anakunywa damu ya kifaru na usafi wake ni wa kubabaisha, kifaru anapata nini?

Watafiti wawili, Roan Plotz na Wayne Linklater, walilichukua jina la Kiswahili kama dai linaloweza kupimwa, wakaenda nalo kwa vifaru weusi wa hifadhi ya Hluhluwe-iMfolozi, Afrika Kusini. Matokeo yao yalitoka mwaka 2020. Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi hadi linachekesha: mtu mmoja anamwendea kifaru kwa miguu, upepo ukivuma kutoka ubavuni, huku mwenzake akiandika kifaru anashtuka lini. Kifaru asiye na ndege alimgundua mtu huyo katika asilimia 23 tu ya majaribio, tena mtu akiwa amebakiza kama mita 27. Kifaru mwenye ndege aligundua kila mara, asilimia 100, kwa wastani wa mita 61. Na kila ndege aliyeongezeka mgongoni aliongeza umbali huo kwa kama mita tisa.

Ndege akimwona mtu hulia, na ili kuona kwa nini mlio wa ndege mdogo unabadilisha mambo kiasi hicho, inabidi tuingie puani mwa kifaru. Macho yake ni dhaifu. Mtu aliyesimama bila kutikisika mita 30 hivi kutoka kwake anaweza kuwa mti tu. Masikio yake ni mazuri na kila moja hugeuka kivyake. Pua ndiyo mali yake kuu, lakini pua ina bwana wake, naye ni upepo. Aliyewahi kupita Wandegeya, Kampala, jioni penye wapika rolex, zile chapati za mayai, anaijua sheria hii. Ukiwa upande ambao upepo unakuletea, vitunguu na mayai vinakufikia kabla hujaiona sigiri. Ukiwa upande wa pili unaweza kupita hatua tatu kutoka kwenye kikaango, na kama umefumba macho usijue kama kuna chakula.

Basi mchukulie kifaru kama nyumba yenye dirisha moja. Dirisha liko upande upepo unakotoka, na kwa dirisha hilo anaona mbali kweli kweli. Kuta nyingine tatu ni tupu. Ajabu ya nyumba hii ni kwamba dirisha huhama: upepo ukigeuka, dirisha limeshahamia ukuta mwingine, na mwenye nyumba hana la kufanya. Simba analijua hilo. Jangili analijua pia. Wote hujisogeza kutoka upande upepo unakoelekea, ambako harufu yao inapeperushwa mbali na pua ya mnyama.

Sasa mweke ndege juu ya paa. Shashi ana macho makali na anatazama pande zote. Akimwona mtu anapiga kelele kavu ya kuchachatika, kama tone la maji lililoangukia mafuta ya moto. Kelele hiyo inasema kuna kitu. Haisemi kitu hicho kiko wapi. Na hapa ndipo nilipoanza kumheshimu kifaru, kwa sababu katika majaribio yale, baada ya kusikia mlio, karibu kila mara aligeuka akatazama upande upepo unakoelekea. Aligeukia ukuta mtupu.

Ukifikiri kidogo utaona hesabu yake. Jijini Kampala neno askari halihitaji tafsiri katika lugha yoyote: ni yule bwana wa getini mwenye rungu na kiti cha plastiki. Akigonga geti usiku wa manane bila kusema kuna nini, mwenye nyumba ambaye taa yake ya mbele inawaka hapotezi muda kutazama mbele. Mwizi angekuwa huko angeshaonekana. Anakwenda kuchungulia uani, penye giza. Kifaru anafanya hivyo hivyo: kama hatari ingekuwa upande wa pua, pua ingeshasema. Katika jaribio mtu alikuwa akitokea ubavuni, wala si huko kifaru alikogeukia, kwa hiyo ndege hakumwonyesha njia. Kifaru alicheza kamari yenye akili.

Je, ndege anamwita kifaru? Hapa tupunguze mahaba. Hakuna haja ya kudhani kwamba anamjali. Wachuuzi wanaotandaza bidhaa kando ya barabara Kampala wakiliona gari la askari wa jiji linakuja, wa kwanza hupiga mluzi na kukunja turubai lake. Aliyempa mgongo barabara anasikia, naye anakunja. Mluzi unaweza kuwa ulipigwa kwa ajili ya wenzake na ndugu zake, au kwa hofu tu. Aliyesikia ameokoka vile vile. Shashi hukaa kwa makundi, na kelele yake inawafaa shashi wenzake. Kifaru amejifunza kusikiliza maongezi yasiyomhusu, na damu kidogo ya ubavuni ni kama chai ambayo askari wa getini anategemea kuletewa.

Mipaka ya ushahidi huu nayo isemwe. Ni hifadhi moja, ni kifaru mweusi, na aliyekuwa akinyemelea ni mtu, si simba. Watafiti pia walikadiria kwamba kati ya asilimia 40 na 50 ya vifaru ambao wangekutana nao waliponyoka bila kuonekana kwa msaada wa ndege. Walifika hapo kwa kulinganisha: vifaru waliofungwa kifaa cha kuwafuatilia walipotafutwa walikutwa na ndege mara nyingi, wale waliokutwa kwa bahati wengi hawakuwa na ndege. Ni hoja nzuri, lakini ni makadirio, na nimekuta watu wakiisimulia kana kwamba kuna aliyewahesabu vifaru waliokimbia.

Mahusiano mengine ya kifaru nayapita haraka, ingawa hayakosi vioja. Kifaru mweupe hulisha nyasi zikabaki fupi kama uwanja wa mpira, na swala na pundamilia hufuata malisho hayo. Kasa wa madimbwini hudonoa kupe miguuni mwake anapogaagaa matopeni. Na huko Pilanesberg, Afrika Kusini, miaka ya 1990, tembo vijana waliokulia bila madume wakubwa waliua vifaru weupe zaidi ya 40, hadi madume wazee sita walipoletwa mwaka 1998 kuwatuliza.

Uganda yenyewe ilikuwa na vifaru weusi na weupe wa kaskazini. Kufikia mwaka 1983 porini hakukuwa na hata mmoja. Shashi walibaki, wakahamia kwa nyati, twiga na ng'ombe: askari ambaye bosi amefariki na lindo likaendelea kwa jirani. Huko kwa ng'ombe hatari yao imekuwa josho, maana katika sehemu za kusini mwa Afrika dawa za zamani za kuua kupe, hasa zile zenye aseniki, ziliwapunguza shashi vibaya.

Mwaka 2005 vifaru wanne weupe wa kusini waliletwa kutoka Solio, Kenya, hadi hifadhi ya vifaru iitwayo Ziwa, wilaya ya Nakasongola, kando ya barabara ya kwenda Gulu. Mwaka uliofuata wakaongezwa wawili kutoka Marekani, na mwaka 2009 akazaliwa ndama wa kwanza, akaitwa Obama, kwa kuwa mama alitoka Marekani na baba Kenya. Huko vifaru hulindwa na watu usiku na mchana, na mgeni huwafuata kwa miguu nyuma ya askari wa wanyamapori.

Nilipokwenda, afande aliyetuongoza aliokota vumbi akaliachia lidondoke. Lilipeperuka kuja kwetu. Tulikuwa upande wa ukuta mtupu. Mbele, kama mita 40, mama na mwanawe walikuwa wamelala kivulini, na siku hiyo migongoni mwao hakukuwa na ndege hata mmoja. Tulisimama pale muda mrefu, wakakoroma. Kisha redio ya afande ikachachatika kiunoni, na mama akainuka, akageuka moja kwa moja kutazama upande upepo ulikoelekea. Sisemi kwamba ni ushahidi. Redio nayo ilikuwa upande huo huo.