Mwani mwekundu sio mwani ulioshiba

Wengi wanadhani ukiulisha vizuri ule mwani mdogo wa kuonekana kwa hadubini ndo utatoa rangi nyingi. Kwa Haematococcus, aina mojawapo ya mwani huo, ni kinyume kabisa aisee. Ukipata naitrojeni ya kutosha na mwanga wa wastani unabaki kijani, unaogelea na vimkia vyake viwili na kugawanyika tu, ila ukinyimwa naitrojeni halafu ukapigwa na mwanga mkali seli inatupa mikia, inavimba, inajenga ukuta mnene na kujaza astaksanthini, ile rangi nyekundu inayoikinga kama miwani ya jua, inaweza kufika hata asilimia 4 ya uzito mkavu. Sasa usikimbilie kutesa kila kitu, spirulina (nayo huitwa mwani, ila kiukweli ni bakteria) ukiinyima naitrojeni inakula fikosayanini yake yenyewe, yaani rangi yake ya bluu, bluu inapotea inabaki njano njano.