Kudaka anguko: mkanda, kamba na nafasi iliyo chini ya miguu

Mfumo wa kudaka anguko ni seti ya vifaa vinavyomshika mtu aliyekwisha kuanza kuanguka na kumsimamisha kabla hajagonga chini, kwa nguvu ambayo mwili unaweza kuihimili. Mkanda wa mwili mzima unaouzwa dukani ni kipande kimoja tu cha seti hiyo. Kuna kamba fupi yenye kifyonza mshtuko, kuna ndoano za kuunganishia, kuna nanga, yaani mahali kamba inaposhikizwa, na kuna nafasi tupu chini ya mfanyakazi. Nafasi hiyo haimo kwenye mfuko wa vifaa, na ndiyo inayosahaulika zaidi kwenye nyumba za chini na ghorofa fupi.

Mfumo huu huchanganywa na mingine miwili inayotumia vifaa vinavyofanana. Wa kwanza ni wa kumzuia mtu asifike ukingoni. Nanga ikiwa mita 4 ndani ya slabu na kamba ikawa ya mita 2, fundi hata akijikwaa hawezi kutoka nje ya ukingo, hivyo hakuna anguko la kudaka. Wa pili ni mkanda wa kiunoni wa wapanda nguzo za umeme, unaozungushwa kwenye nguzo ili mikono yote miwili ibaki huru. Huo unamkalisha mtu mahali pake tu. Akianguka nao kutoka juu, nguvu yote inaishia tumboni na kwenye mbavu, au anachomoka kabisa. Marekani ilipiga marufuku kutumia mkanda wa kiunoni kudakia anguko kuanzia Januari 1, 1998, lakini huku kwetu bado unaonekana kwenye majengo, tena kwa watu wanaoamini wamejikinga.

Pale ambapo kazi inaweza kufanywa kwa reli za pembeni au kwa kamba ya kumzuia mtu ukingoni, hilo ndilo la kuchagua kwanza. Reli ya jukwaa (Uingereza inataka kimo kisichopungua sentimita 95 kwenye ujenzi) inamlinda hata saidia fundi aliyeanza kazi asubuhi hiyo bila kufundishwa lolote. Mkanda unamlinda yule tu aliyeuvaa sawasawa, akaufunga panapostahili.

Sababu ya kuwepo kwa kifyonza mshtuko inaonekana kwa hesabu fupi. Anguko la mita 1.8 huchukua kama sekunde 0.6, na mwisho wake mtu anakwenda kasi ya kilomita 21 kwa saa hivi. Tuseme ana kilo 100 pamoja na zana zake. Kamba isiyonyumbuka ikimkatiza ndani ya sentimita 10, nguvu ya wastani inakaribia kilonewtoni 19, sawa na uzito wa karibu tani 2. Akipunguzwa kasi ndani ya mita 1, nguvu hiyo inashuka chini ya kilonewtoni 3. Kifyonza ni utepe uliokunjwa na kushonwa ndani ya kifuko. Ukivutwa kwa nguvu, mishono inafumuka mmoja baada ya mwingine na utepe unarefuka. Kiwango cha Ulaya EN 355 kinataka nguvu isizidi kilonewtoni 6 na urefukaji usizidi mita 1.75. OSHA ya Marekani, mamlaka ya usalama na afya kazini (si ile ya Tanzania, ingawa herufi ni zilezile), inaruhusu hadi kilonewtoni 8 kwa mwenye mkanda wa mwili mzima, na anguko huru lisizidi mita 1.8. Kamba ya katani au nailoni iliyokatwa dukani na kupigwa fundo kwenye mkanda haina ufyonzaji wa namna hiyo. Fundo lenyewe linaweza kuipunguzia kamba karibu nusu ya uimara wake.

Sasa hesabu ya nafasi. Chukua kamba ya mita 2. Kipimo hicho tayari kinajumlisha kifyonza kikiwa hakijafumuka. Ukianzia kwenye nanga kwenda chini: kamba mita 2, kifyonza kikifumuka chote mita 1.75, kutoka pete ya mgongoni (ya mkanda, inaponaswa kamba) hadi nyayo mita 1.5, kisha akiba ya mita 1 kwa ajili ya mkanda kuvutika na makosa ya kukadiria. Jumla ni mita 6.25 chini ya nanga. Kamba ikifungwa usawa wa miguu, mita hizo zote zinatakiwa ziwe tupu chini ya jukwaa. Ikifungwa usawa wa pete ya mgongoni, zinabaki 4.75. Nanga ikiwa juu, mita 3 kutoka anaposimama, zinatakiwa 3.25, na kwa kweli pungufu ya hapo, kwa sababu anguko huru ni nusu mita tu na kifyonza hakifumuki chote.

Linganisha na saiti ya kawaida. Sakafu hadi sakafu ni kama mita 3. Fundi anayepaua nyumba ya chini amesimama kwenye kenchi, mita 3 au 4 kutoka ardhini, na kamba yake ya mita 2 ameishikiza kwenye mbao aliyoikanyaga. Akiteleza, atagonga ardhi kabla kifyonza hakijamaliza kazi. Amevaa kila kitu, na picha ya mkaguzi ingetoka nzuri sana. Tena nafasi haipimwi hadi ardhini bali hadi kitu cha kwanza atakachokigonga: rundo la matofali, mashine ya kuchanganyia zege, au nondo za nguzo zilizoachwa zimesimama bila kufunikwa ncha.

Nafasi ikiwa haitoshi, njia ya kwanza ni kupandisha nanga juu ya kichwa. Ya pili ni kamba fupi zaidi. Ya tatu ni kifaa chenye kamba inayojikunja yenyewe ndani ya kasha: inamfuata mtu akitembea, na ikivutwa ghafla inajibana kama mkanda wa kiti cha gari, kwa kawaida ndani ya sentimita 60. Kinafaa nanga ikiwa juu. Ukikifunga chini na kamba ikapita kwenye ukingo mkali wa slabu au wa bati, inaweza kukatika, isipokuwa mtengenezaji ameandika kwamba kimejaribiwa kwa kazi ya ukingoni. Kwa paa la nyumba ya chini, mara nyingi jibu la maana ni jukwaa lenye reli kuzunguka nyumba, na mkanda usitegemewe kabisa.

Nanga isiwe pembeni sana pia. Mtu aliyejivuta mita kadhaa kando ya nanga hadondoki wima. Anabembea kurudi chini yake, na ukuta au nguzo iliyo njiani anaipiga kwa kasi kubwa. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kamba isivuke nyuzi 30 kutoka mstari wa wima.

Nguvu ya nanga ndipo wengi wanapobahatisha. Kanuni za Marekani zinataka ihimili kilonewtoni 22.2 kwa kila mtu aliyejifunga, yaani kama tani 2.3, ilhali kiwango cha Ulaya EN 795 kinaijaribu nanga ya chuma kwa kilonewtoni 12. Bomba la maji, bomba la nyaya za umeme, grili ya dirisha, mirunda iliyopigwa misumari na papi za paa havifiki huko hata kwa mbali. Nondo moja iliyochomoza inapinda na ndoano inachomoka. Boriti ya chuma au mhimili wa zege uliokomaa unafaa, ukizungushiwa utepe maalumu wa nanga wenye kinga kwenye kona. Zege huhesabiwa kufikia nguvu yake ya usanifu kwa siku 28, kwa hiyo nguzo iliyomwagwa juzi si nanga.

Kuna kosa moja dogo linaloua kifyonza kimyakimya. Kamba ya miguu miwili, yaani yenye matawi mawili na kila moja na ndoano yake, hutumika ili mtu asibaki bila kufungwa anapohama: ananasa ndoano ya pili ndipo anafungua ya kwanza. Wengi, ili mguu usiotumika usiwasumbue, huunasa kwenye pete ya nyonga. Hapo mzigo unapita mguu mmoja na kurudi mwilini kwa mguu mwingine, ukikwepa kifyonza. Mguu wa akiba unawekwa kwenye kishikizo cha kuegeshea, kile cha plastiki au utepe mwepesi kifuani, ambacho kimetengenezwa kiachie kikivutwa. Kosa jingine ni kuzungusha kamba kwenye boriti na kuinasa ndoano kwenye kamba yenyewe. Ulimi wa ndoano unaweza kubanwa upande usiojengwa kubeba mzigo. Fanya hivyo tu kama kamba imetengenezwa kwa matumizi hayo.

Kuuvaa: shika pete ya mgongoni, utikise mkanda hadi mikanda yote ining'inie bila kujisokota. Vaa mabegani, funga ya mapaja, kisha ya kifua. Pete ya mgongoni ikae katikati ya mabega. Ikishuka hadi kiunoni, mtu atadakwa akiwa amelala kifudifudi. Mkanda wa paja uruhusu kiganja kilichonyooka kupita, ngumi isipite. Wa kifua ukae katikati ya kifua, kwani ukipanda utafika kooni mtu akidakwa. Soma lebo ya uzito, na uhesabu nyundo, misumari na drili kuwa sehemu ya uzito wako.

Kila siku kabla ya kupanda, mvaaji mwenyewe aupitishe utepe wote mikononi, akiukunja ili nyufa zionekane. Tafuta mishono iliyokatika, matundu ya cheche za grenda, utepe uliokakamaa kwa rangi au saruji, rangi iliyopauka kwa jua, lebo isiyosomeka. Mikanda mingi ina kiashiria cha anguko, kikunjo cha utepe kilichoshonwa karibu na pete. Kikiwa kimefumuka, mkanda umeshadaka mtu na kazi yake imekwisha. Uoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ukaushwe kivulini. Petroli na tina visikaribie. Pwani, chumvi hula springi za ndoano na za kasha la kamba inayojikunja, kwa hiyo ulimi wa ndoano ujaribiwe kila mara kama unarudi wenyewe. Mbali na hayo, mtu mwenye utaalamu aukague mkanda na kuandika matokeo angalau kila miezi 12. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003 na ile ya Kenya ya 2007 zinamwekea mwajiri jukumu la vifaa kinga, kwa hiyo kumtaka kibarua aje na mkanda wake ni kukwepa wajibu.

Halafu kuna mtu aliyedakwa na sasa ananing'inia. Asipotikisa miguu, damu inakusanyika mapajani na chini, na anaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Kwa hiyo kabla ya mtu yeyote kupanda, ijulikane nani atamshusha na kwa kifaa gani: ngazi, winchi, au jukwaa la kuinuliwa. Kupiga simu zimamoto na kungoja si mpango. Mkanda ukiwa na kamba za kukanyagia, azifungue asimame juu yake. Akishushwa, alazwe na apewe huduma ya kwanza ya kawaida. Ule ushauri wa zamani wa kumkalisha kwanza hauna ushahidi, kama mapitio yaliyofanyiwa HSE, mamlaka ya usalama na afya kazini ya Uingereza, mwaka 2009 yalivyoonyesha. Apelekwe hospitali hata akisema yuko salama. Mkanda, kamba na ndoano zake viwekwe kando kwa uchunguzi, kisha vikatwe vipande ili visirudi saiti wala mtumbani.