Usisubiri simu izime ndipo uichaji

Wengi bado wanaamini betri ya simu lazima iishe kabisa ndipo ichajiwe, la sivyo itaharibika. Ushauri huo ulitokana na betri za zamani za nikeli na kadimi, ambazo zikichajiwa nusunusu mara kwa mara zilionekana kupungua nguvu. Simu za leo hutumia betri za lithiamu-ioni, zilizoanza kuuzwa mwaka 1991, na hizo ni kinyume: kuzishusha hadi sifuri kila siku ndiko kunakozichosha. Ukiona asilimia 40, chomeka tu. Ila adui ninayemhofia zaidi ni joto. Simu inayochajiwa chini ya mto, ukiigusa mgongo unaunguza kiganja, inazeeka upesi. Itoe, iweke mezani ipumue.