Kwa nini viroboto hurudi hata baada ya mbwa kuogeshwa?

Familia moja ya Tabora hufunga nyumba mwezi Desemba, humwacha mbwa kwa jirani, kisha hupanda treni kwenda Kigoma kuwasalimia wazee. Inaporejea wiki tatu baadaye na kufungua mlango, miguu huanza kuwasha kabla mizigo haijatuliwa, na vidoa vyeusi huonekana vikirukia soksi za watoto. Nyumba ilikuwa tupu, haina mbwa wala mtu wa kunyonywa damu. Viroboto hao wametoka wapi? Mwenye mbwa aliyemwogesha mnyama wake Jumamosi na kumkuta anajikuna tena Jumatano anauliza swali hilohilo, na jibu ni moja: viroboto tunaowaona juu ya mbwa ni sehemu ndogo sana ya viroboto tulio nao nyumbani.

Kiroboto anayewasumbua mbwa wengi duniani ni yule ambaye wanasayansi humwita Ctenocephalides felis, yaani kiroboto wa paka, ambaye licha ya jina lake huwapenda mbwa vilevile na hata mbuzi na ndama. Jike akishapata damu kwa mara ya kwanza huanza kutaga katika muda wa siku moja au mbili, na akiwa katika kilele chake huweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai hayo ni meupe, yana urefu wa nusu milimita tu, na hayagandi kwenye manyoya kama yale ya chawa. Mbwa anapojikung'uta, anapolala au anapopita sebuleni, mayai huanguka popote alipo. Pamoja nayo huanguka punje nyeusi za kinyesi cha kiroboto, ambazo kwa hakika ni damu iliyokauka, kwa kuwa jike hunyonya damu nyingi mno kuliko anavyoweza kuitumia na kuitoa ikiwa haijameng'enywa yote.

Damu hiyo kavu ndiyo chakula cha watoto wake. Yai huanguliwa baada ya siku chache na kutoa lava, kijidudu cheupe chenye umbo la mnyoo, kisicho na miguu wala macho, kinachokimbia mwanga na kujipenyeza chini ya mkeka, ndani ya nyufa za sakafu, katikati ya nyuzi za gunia na kwenye vumbi la pembeni mwa ukuta. Hapo hula punje zilizodondoka na kukua kwa muda wa wiki moja au mbili. Makadirio yanayotumiwa sana na madaktari wa mifugo yanasema kwamba katika nyumba iliyovamiwa, viroboto wazima ni takribani asilimia 5 tu ya jumla yao. Mayai ni asilimia 50, lava asilimia 35, na pupa, yaani wale waliomo ndani ya vifukofuko wakigeuka kuwa wazima, asilimia 10. Anayemwogesha mbwa na kuiacha nyumba amegusa ile asilimia 5.

Hatua ya pupa ndiyo inayostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndiyo inayowashinda watu wengi. Lava akishakua husokota kifukofuko cha hariri chenye ulimbo, nacho hunasa vumbi na mchanga hadi hakitofautiani na uchafu wa kawaida wa sakafu. Dawa ya kupuliza haipenyi humo kwa urahisi. Ndani yake kiroboto hukamilika kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo, lakini hatoki mpaka apate dalili kwamba mnyama yuko karibu: mtikisiko wa hatua, joto la mwili, au hewa ya kaboni inayotoka puani. Dalili zisipokuja, anaweza kusubiri kwa miezi kadhaa. Familia inaporudi na kuanza kutembea ndani ya nyumba iliyofungwa, viroboto waliokuwa tayari hutoka karibu kwa wakati mmoja, wote wakiwa na njaa, na mguu wa binadamu ndio wa kwanza kufikiwa.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Lava hukauka na kufa pale unyevu wa hewa unaposhuka chini ya asilimia 50, wala hastahimili joto linalopita nyuzi 35 kwa muda mrefu. Kwa hiyo uwanja ulio wazi, unaopigwa na jua la Tabora la mwezi Septemba, si mahali pa kiroboto kukulia. Mahali pake ni chini ya mwembe ule mbwa anapojilaza mchana, kwenye kibanda chake, chini ya uvungu wa kitanda na nyuma ya makochi. Kati ya Novemba na Aprili, mvua zinapoleta unyevu, maeneo yanayomfaa huongezeka, na kwa wakazi wa Kigoma walio karibu na Ziwa Tanganyika hewa yenye unyevu haiko mbali. Hili lina faida kwetu, kwa maana linatuonyesha pa kuelekeza nguvu: hatuhitaji kupuliza dawa kiwanja kizima, tunahitaji kujua mbwa hulala wapi.

Kabla ya kununua dawa yoyote, ni vyema kuthibitisha kwamba tatizo ni viroboto. Mchane mbwa kwa kitana cha meno membamba, kiunoni na karibu na mkia, juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Punje nyeusi zikiyeyuka na kuacha alama ya rangi ya kutu, hiyo ni damu, na kiroboto yupo hata kama hujamwona.

Kumwogesha mbwa kwa maji na sabuni laini ni jambo jema, kwa kuwa sabuni huondoa utando wa juu wa maji unaomsaidia kiroboto kuelea, naye huzama. Anza na shingo, upake povu kuizunguka yote, ili wasikimbilie kichwani. Hata hivyo sabuni ikishasuuzwa haibaki na kazi yoyote, na kiroboto mpya anaweza kumpanda mbwa jioni hiyohiyo. Kinachohitajika ni dawa inayodumu mwilini au kwenye ngozi kwa wiki kadhaa, kama vile fipronili na imidaklopridi zinazodondoshwa mgongoni, au fluralaneri inayotolewa kwa kidonge, kwa kipimo kinacholingana na uzito wa mbwa.

Hapa ndipo ninapowasihi wasomaji wenzangu wawe waangalifu. Katika maduka ya dawa za mifugo mtu huweza kuuziwa dawa ya kuogeshea ng'ombe ili aitumie kwa mbwa. Amitrazi, ambayo ni nzuri kwa kupe, haina nguvu ya kutosha dhidi ya viroboto, na ikichanganywa kwa makadirio ya macho humlegeza mbwa na kuweza kumdhuru vibaya. Permethrini, dawa nyingine ya kuua wadudu, huvumiliwa na mbwa lakini ni sumu kali kwa paka, kwa hiyo nyumba yenye paka isiitumie kabla ya kuzungumza na daktari wa mifugo. Mafuta ya taa huunguza ngozi. Na katika mkoa unaolima tumbaku kwa wingi kama Tabora, wazo la kumwogesha mbwa kwa maji ya tumbaku huja kwa urahisi. Nikotini iliyomo huua wadudu kweli, lakini hupenya ngozi ya mbwa na huweza kumuua yeye pia. Watoto wa mbwa wasiotimiza wiki nane wachanwe kwa kitana na kuogeshwa kwa sabuni laini tu, kisha wakaushwe haraka. Wasipuuzwe, maana viroboto wengi huweza kuwamaliza damu.

Nyumbani, gunia au tandiko la mbwa lichemshwe au lichomwe moto. Mikeka, mazulia na magodoro yatolewe juani. Sakafu ifagiliwe kila siku hadi kwenye pembe na chini ya vitanda, taka zichomwe badala ya kumwagwa nyuma ya nyumba, na nyufa zizibwe kwa saruji au kwa udongo. Kama dawa ya kupuliza inatumika, iliyo bora ni ile yenye kiambato kinachozuia mayai na lava kukua, kama pairiproksifeni, pamoja na kile kinachoua wakubwa. Watu na wanyama watoke nje mpaka ikauke. Kutembea na kufagia kila siku kuna faida nyingine isiyoonekana: mtikisiko huwatoa viroboto kwenye vifukofuko vyao, nao wakimrukia mbwa aliyekwisha kupewa dawa hufa. Kumfungia mbwa nje moja kwa moja, kwa hiyo, si ushauri mzuri. Akiwa na dawa mwilini, yeye ndiye mtego.

Kuna sababu za kutolichukulia jambo hili kama usumbufu tu. Kiroboto hubeba mnyoo tegu aitwaye Dipylidium caninum, ambaye mbwa humpata anapojilamba na kummeza kiroboto, na mtoto mdogo anayecheza sakafuni huweza kumpata kwa njia hiyohiyo. Vipande vya mnyoo huyo huonekana kama punje za mchele kwenye kinyesi. Funza wanaoingia vidoleni nao ni aina ya viroboto, Tunga penetrans, waliofika pwani ya Angola kutoka Amerika ya Kusini mwaka 1872 na kusambaa barani. Mbwa huwabeba katikati ya vidole vyake, kwa hiyo miguu yake ikaguliwe pia.

Tarajia kazi ya miezi mitatu hivi, kwa sababu pupa waliokuwepo kabla ya dawa wataendelea kutoka wiki baada ya wiki, na kuwaona si ishara kwamba dawa imeshindwa. Usiache dozi ya mwezi wa pili kwa kuona mbwa ametulia. Ikiwa miezi hiyo imepita na bado wapo, waangalie paka wa jirani anayelala darini kwako, mbuzi wanaolala karibu na ukuta, na kuku ambao viroboto wao, wa aina nyingine, hung'ang'ania kuzunguka macho ya kuku na masikio ya mbwa.