Kisu cha muuza chips

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alikuja nyumbani, Tabata, na matokeo yake ya kidato cha sita kwenye simu. "Shikamoo shangazi." Marahaba. Chai haijapoa, ameshaniambia anataka kusomea sayansi jinai, ile kazi ya kumkamata muuaji kwa unywele mmoja. Nilicheka, lakini sikumkatisha tamaa, maana hata mimi niliingia kwenye kemia na ndoto kama hizo. Nikamuuliza, kemia umepata nini? Akaanza kukohoa.

Sasa hapo ndipo penye kazi. Ukiitoa ile tepe ya njano ya polisi, sehemu kubwa ya sayansi jinai inayobaki ni kemia ya uchambuzi, biolojia na takwimu. Anayeingia kwa sababu ya tamthilia hushangaa kuona mwaka wa kwanza unaisha kwa kemia ogani, hesabu na kuosha vyombo vya kioo mpaka maji yatiririke bila kuacha tone ukutani. Walalamikaji ni wengi. Nilikuwa mmoja wao.

Kilichonituliza ni vipande vitatu vya kitambaa cheupe. Tulikuwa mwaka wa pili. Mkufunzi alitugawia vitambaa hivyo, kila kimoja kina doa la kahawia lililokauka, akasema tuvipime kwa njia ya Kastle-Meyer, ile ya kutafuta damu. Njia hiyo ina zaidi ya miaka mia moja na bado inafundishwa, kwa sababu ni rahisi na inafurahisha macho. Unasugua doa kwa karatasi ya chujio, unadondoshea ethanoli, kisha tone la kitendanishi, yaani kemikali ya kupimia, ambayo hapa ni fenofthalini iliyoondolewa rangi na kutunzwa pamoja na unga wa zinki isije ikarudi kuwa ya waridi. Mwisho unaweka tone la hidrojeni peroksaidi. Kama kuna damu, karatasi inageuka waridi ndani ya sekunde chache. Ile sehemu ya himoglobini yenye chuma ndiyo inayoharakisha peroksaidi kuirudishia fenofthalini rangi yake.

Vyangu vitatu vyote viligeuka waridi. Nikaandika kwa wino, tena kwa herufi kubwa: DAMU, DAMU, DAMU. Nikarudisha karatasi wa kwanza darasani.

Nilipata sifuri.

Doa la pili lilikuwa maji ya kiazi mbatata kibichi. Kiazi kina kimeng'enya kinachoitwa peroksidasi, nacho kinaweza kufanya kazi ileile ya himoglobini. Kikiachwa wazi juisi yake huwa kahawia, ndiyo maana macho yalinidanganya hata kabla ya kipimo. Doa la tatu lilikuwa pamanganeti ya potasiamu. Hiyo huoksidisha yenyewe, haingoji peroksaidi, na kweli karatasi yangu ilikuwa imeanza kugeuka rangi kabla sijaweka lile tone la mwisho. Niliona, nikapuuza. Nilikuwa na haraka.

Na doa la kwanza, lililokuwa damu kweli? Hilo nalo sifuri. Mkufunzi aliandika pembeni: "Ya nani? Ya mbuzi?" Kipimo hiki hakitofautishi damu ya mtu na ya kuku aliyechinjwa asubuhi. Jibu alilolitaka lilikuwa refu na halina ladha: kuna dalili ya kuwapo kwa damu, kielelezo kifanyiwe kipimo cha uthibitisho. Mpaka leo nikipita Mwenge jioni na kumwona muuza chips akikatakata viazi, najua kisu chake kingeweza kumfunga mtu mikononi mwa mkemia mwenye haraka.

Hiki ndicho nilichotaka mpwa wangu akielewe kabla hajajaza fomu. Rangi inakuambia uendelee kutafuta, basi. Unga mweupe ukigeuka zambarau kwenye kitendanishi cha Marquis, unashuku jamii ya heroini, lakini huandiki heroini mpaka uupitishe kwenye mashine inayotenganisha viambato na kuvitambua kimoja kimoja. Na kila safari unapima pia sampuli tupu, isiyo na kitu. Sampuli tupu ikikupa rangi, ujue chombo chako ni kichafu na kazi ya siku nzima imekwenda na maji.

Kuna mambo mengine ambayo vitabu tulivyosomea, vingi vya Ulaya, havikuyatilia maanani kwa kuwa waandishi wake hawakuwahi kukaa Dar mwezi wa pili. Mizani ya maabara inasoma hadi gramu 0.0001. Kiyoyozi kilikufa, tukawasha feni, na namba zikaanza kucheza kama mtoto aliyekula sukari. Ni upepo tu, unasukuma kisahani. Tulizima feni, tukaloa jasho, tukapima upya. Umeme nao ukikatika mashine ikiwa katikati ya uchambuzi, unarudi mwanzo, na kama kielelezo kilikuwa kidogo unasali.

Unyevu wa huku pwani ndio mbaya zaidi. Nguo yenye damu mbichi ukiifungia kwenye mfuko wa plastiki, inatoa jasho, ukungu na bakteria wanaanza kuila, na vinasaba vinaharibika. Nguo hukaushwa kwanza kivulini, halafu inawekwa kwenye bahasha ya kaki, inafungwa na kutiwa saini. Bahasha ya bei ya chini kabisa dukani inaweza kuokoa kesi ambayo mfuko mzuri unaong'aa ungeiua. Na kila aliyeishika bahasha hiyo lazima ajulikane: alipokea lini, kutoka kwa nani, akampa nani. Hapo kwenye makabidhiano ndipo wakili wa utetezi anapoanza kuchimba.

Mpwa wangu akaniuliza kuhusu gongo, kwa sababu mtaani watu wanasema gongo ya mabibo ina sumu. Swali zuri. Matunda yana pektini, na pektini ikichachuka hutoa methanoli, ndugu mwenye sumu wa pombe ya kunywa, lakini kidogo. Vifo vya watu wengi kwa mpigo, mara nyingi, hutokana na mtu aliyechanganya methanoli ya viwandani kwenye pombe. Ini huigeuza methanoli kuwa formaldehidi, kisha asidi fomiki, na hiyo ndiyo inayopofusha macho. Maabara huweka damu kwenye kichupa kilichozibwa, hukipasha moto, huvuta mvuke uliojikusanya juu na kuupeleka kwenye gesi kromatografia, mashine inayotenganisha viambato vya mvuke huo. Methanoli huchemka kwa nyuzi 64.7 na ethanoli, ile pombe ya kunywa, kwa nyuzi 78.4, kwa hiyo kwa kawaida methanoli hutangulia kutoka. Ulimi hauwezi kuzitofautisha. Mashine inaweza.

Halafu akauliza lile ambalo kila mtu huniuliza, hata kwenye daladala: je, mtu anaweza kumpeleka mtoto kwa Mkemia Mkuu kupima DNA kimyakimya? Hapana. Tangu mwaka 2009 tuna sheria ya vinasaba vya binadamu, na ombi lazima lipitie kwa wanaotambuliwa na sheria hiyo, kama mahakama, ustawi wa jamii au wakili. Kujiendea tu hakuna.

Jambo la mwisho nililomwambia ni lugha. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Sisi tuliosoma kemia yote kwa Kiingereza tukajikuta lazima tueleze kizimbani kwa maneno ambayo hatukuwahi kufundishwa. Mimi husema "kipimo cha awali" na "kipimo cha uthibitisho", na nimeona watu wanaelewa mara moja. Kwa Kiswahili huna pa kujificha. Wakili akikuuliza kwenye maswali ya dodoso, "Mtaalamu, uliona damu au uliona rangi?", hakuna neno la kigeni la kukufunika.

Nilimtolea daftari langu la mwaka wa pili, limeanza kunuka mende. Ukurasa wa vile vitambaa bado upo. DAMU zote tatu zimekatwa kwa mstari mmoja mwembamba, pembeni kuna herufi za jina langu na tarehe. Akauliza kwa nini sikupaka ile dawa nyeupe ya kufutia. Nikamwambia hairuhusiwi, kosa lako lazima lisomeke. Akalipiga picha, akakaa kimya kidogo, kisha akakiri: kemia amepata D.

Tukafungua vitabu siku hiyohiyo.