Pango la mbuyu si ugonjwa

Wiki iliyopita nimepigiwa simu tena. Mbuyu ulio pembeni ya uwanja wa shule, kijiji kimoja huku Bahi, "umeoza ndani, umebaki ganda tu", na kamati imeshakaa, inataka ukatwe kabla haujawaangukia watoto. Huo ni mbuyu wa nne mwaka huu kuhukumiwa kwa sababu hiyohiyo: una pango. Nimechoka kueleza kwa simu, naandika hapa, atakayenipigia wa tano nitamtumia hii.

La majani nilimalize haraka. Kiangazi mbuyu unasimama mtupu miezi kadhaa, na kila mwaka kuna mtu anasema umekufa. Haujafa. Kwaruza gome kwa ukucha: chini ya ngozi ile ya kijivu kuna utando wa kijani. Majani hayapo, lakini gome linaendelea na kazi.

Sasa pango. Anayeliogopa anaufikiria mbuyu kama mninga: kuna kiini kigumu katikati kinachobeba mzigo, kikiliwa, mti umekwisha. Mbuyu hauna kiini cha namna hiyo. Kata tawi bichi uone: laini, lina nyuzinyuzi, ukiliminya linatoa maji, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Maji hayo yaliyojaa kwenye seli ndiyo yanayousaidia kusimama, kama tairi lililojazwa upepo. Na seli hai zimetapakaa ndani kabisa ya shina, hazikukaa kwenye ukanda mwembamba chini ya gome. Ndiyo maana mninga ukiuchuna gome kuzunguka shina lote umeuua, lakini mbuyu watu wanauchuna kupata kamba, wanauacha, na baada ya miaka kadhaa gome limerudi. Kidonda chenyewe kinaota ngozi.

Linaloniudhi zaidi ni kuamini kwamba kila pango limechimbwa na kuoza. Adrian Patrut, mkemia wa Romania, na wenzake walipima umri wa mibuyu kwa kaboni, wakichukua vipande kutoka ukuta wa pango kwenda nje. Ingekuwa pango ni kiini kilichooza, sehemu kongwe kuliko zote ingekuwa palepale ukutani, na umri ungepungua moja kwa moja kuelekea nje. Kwenye mibuyu mingi haikuwa hivyo: umri ulipanda kwanza, ndipo ukashuka. Maelezo yao ni kwamba miti hiyo ni mashina kadhaa yaliyoota kwa duara yakaungana, na uwazi wa katikati haukuwahi kuwa na mti ndani yake. Hakuna kilichooza. Ingiza mkono, utagusa gome ukutani.

Lakini hapa nina shaka yangu, na sitaificha. Nimetoka kusema kidonda cha mbuyu huota gome. Basi pango lililochomwa zamani na warina asali nalo linaweza kuvaa ngozi ndani. Kwa kugusa tu siwezi kuapa ni lipi. Na mwaka mmoja, karibu na Mtera, niliupitisha mbuyu kuwa ni mzima. Masika hayakuisha ukabomoka wenyewe, ukabaki rundo la nyuzi zilizolowa. Hapakuwa na mtu chini yake, namshukuru Mungu, ila mpaka leo nikipita pale moyo unanidunda. Mwaka 2018 Patrut na wenzake waliandika kwamba kati ya mibuyu 13 mikongwe zaidi Afrika, 9 ilikuwa imekufa, au sehemu zake kongwe zimeanguka, ndani ya miaka 12 hivi. Mmojawapo ni Panke wa Zimbabwe, uliokadiriwa kufikisha miaka 2,450. Walishuku mabadiliko ya tabianchi, hawakuthibitisha.

Kwa hiyo siku hizi siulizi kama pango lipo. Nauzunguka mti nikiminya gome kwa kiganja, kuanzia mizizini hadi kifuani. Mbuyu mzima umekaza, unaurudisha mkono. Unaonitia hofu ni ule uliobonyea, ule ambao shina lake limenywea hata baada ya mvua nzuri, wenye ufa mpya karibu na ardhi, au unaotoa majimaji meusi yenye harufu ya pombe iliyochacha.

Huo wa shuleni nimekwenda kuuona. Mlango wa pango unatosha mtoto kupita akiinama. Ndani ukuta mzima ni gome la kijivu, laini, nje shina limekaza pande zote. Nilichokuta sakafuni ni majivu na mabua yaliyoungua nusu: kuna mtu alikuwa anafukuza nyuki. Hilo ndilo lililonifanya nimwite Mwalimu Mkuu. Nimemwomba auzungushie mti seng'enge, na moto usiingie humo tena. Akaniuliza nitarudi lini kuukagua. Nimemwambia Novemba, majani yakianza kuchomoza.